Krediti ya chuo ni nini, na iliyo rahisi ni ipi

Ukilisikia neno krediti, huenda akili ikakimbilia salio la simu au mkopo wa benki. Katika elimu ya juu neno hilo halihusu deni wala vocha. Krediti ya chuo ni kipimo cha kazi ya masomo ambayo chuo kimeikubali na kuiandika katika rekodi yako, ili zikitimia krediti za idadi iliyowekwa utunukiwe shahada. Watu wengi hushika nusu ya kwanza ya maana hiyo, ile ya kipimo. Nusu ya pili, ya kukubaliwa na kuandikwa, huwaponyoka, na wanaponunua kozi za mtandaoni za bei nafuu, fedha zao huponyoka nayo.

Tuanze na kipimo. Dhana hii imekomaa Marekani, na huko ndiko kwenye soko kubwa la kozi za mtandaoni zinazouzwa kwa jina la krediti. Kanuni ya serikali ya shirikisho iliyotolewa mwaka 2010 inaieleza krediti moja kuwa ni saa moja ya kufundishwa kila wiki, pamoja na saa zisizopungua mbili za mwanafunzi kufanya kazi mwenyewe, kwa wiki 15 hivi za muhula. Kozi ya kawaida huwa na krediti 3, yaani saa kama 135 za jasho. Shahada ya kwanza ya miaka minne huhitaji krediti zipatazo 120, na ile ndogo ya miaka miwili 60. Vipo vyuo vinavyogawa mwaka kwa robo badala ya nusu. Vyuo hivyo hudai krediti 180 kwa shahada ileile, maana krediti yao moja ni sawa na theluthi mbili tu ya ile ya muhula. Ulaya wana mfumo wao, ECTS, ulioanza mwaka 1989: mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Kwa makadirio yaliyozoeleka, mbili za Ulaya huhesabiwa kuwa moja ya Marekani. Kwa hiyo tangazo la "dola kadhaa kwa krediti" halijasema kitu mpaka ujue ni krediti ya wapi.

Asili ya kipimo hiki inachekesha kidogo. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 za kuwalipa pensheni maprofesa wa vyuo. Wasimamizi wa mfuko wakajikuta na swali ambalo hawakulitarajia: chuo ni nini hasa? Zama hizo shule nyingi zilijiita vyuo huku zikifundisha masomo ya sekondari. Wakaweka sharti: chuo kinachotaka walimu wake wapate pensheni kipokee wanafunzi waliokamilisha vipimo 14 vya masomo ya sekondari, kila kipimo saa 120 za darasani. Vyuo vikatii haraka, kwani nani anaikataa pensheni? Mwaka 1910 mhandisi Morris Cooke, aliyevichunguza vyuo vikuu kadhaa kwa jicho la msimamizi wa kiwanda, akapendekeza ndani ya chuo nako kazi ihesabiwe kwa saa za mwanafunzi. Saa haikuchaguliwa kwa kuwa ndiyo ipimayo elimu. Ilichaguliwa kwa kuwa inahesabika.

Na hapo ndipo njia za bei nafuu zilipopata mwanya. Kama saa ni kibadala tu cha kupima maarifa, basi mwenye maarifa tayari angeweza kuyathibitisha bila kukaa darasani saa hizo zote. Mitihani ya CLEP ya Marekani, iliyoanza miaka ya 1960, imejengwa juu ya hoja hiyo. Unajisomea mwenyewe, unafanya mtihani ambao kwa kawaida huchukua dakika 90, na ukipata alama 50 katika kipimo cha 20 hadi 80, chuo kinachoukubali kinaweza kukupa krediti 3, na kwa mitihani mingine zaidi. Ada ya mtihani kwa miaka ya karibuni imekuwa chini kidogo ya dola 100, ukiacha malipo ya kituo cha mtihani. Shirika lisilo la faida la Modern States lina kozi za bure za maandalizi, na anayezimaliza huweza kupewa vocha ya kulipia mtihani. Sijui njia nyingine ya halali iliyo nafuu kuliko hiyo.

Western Governors University, kilichoanzishwa mwaka 1997 na magavana wa majimbo ya magharibi ya Marekani, kiliipeleka hoja hiyohiyo mbali zaidi. Mwanafunzi hulipa ada moja kwa muhula wa miezi sita, kisha humaliza kozi nyingi kadiri awezavyo, kila moja akiifunga pale anapothibitisha umahiri. Mwepesi hupata shahada kwa bei ndogo. Anayesuasua hulipia miezi. Watu wakiuliza kama chuo cha namna hii ni nafuu, jibu limo katika ratiba yao wenyewe kuliko katika orodha ya ada.

Kisha kuna kampuni ambazo si vyuo kabisa, kama Sophia, StraighterLine na Study.com. Zenyewe haziwezi kutunuku shahada. Zinauza kozi za mwanzo mwanzo, takwimu, saikolojia, uandishi, mara nyingi kwa malipo ya mwezi, na kozi hizo hupelekwa kwa baraza liitwalo American Council on Education (ACE). Baraza huzikagua na kupendekeza zihesabiwe krediti ngapi. Neno la kushika hapo ni kupendekeza. Baraza halina amri juu ya chuo chochote. Chuo kimoja kitaupokea mtihani au kozi hiyo kwa mikono miwili, cha jirani kitaikataa, na vyote viwili viko ndani ya haki yao.

Hii ndiyo nusu ya pili ya maana niliyoitaja mwanzo. Krediti haiko mfukoni mwako kama noti, ambayo duka hili likiikataa unakwenda lile. Ni ahadi ya chuo kimoja, iliyoandikwa katika daftari la chuo hicho. Ukihama, chuo kipya hakikupi kilichokuwa chako. Kinaamua upya kama kitaahidi kile ambacho cha zamani kiliahidi. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Hao walikuwa wakihama kutoka chuo kwenda chuo, sembuse anayekuja na kozi ya kampuni.

Hata kukubaliwa kwenyewe kuna ngazi mbili, na ya pili ndiyo huwashika watu miguu. Tuseme umenunua kozi tano za bei poa, krediti 15. Chuo kinazipokea zote na barua inakuja yenye pongezi. Ukiisoma vizuri unaona krediti 3 zimewekwa mahali pa kozi ya lazima ya hisabati, 3 mahali pa uandishi, na 9 zimeingizwa kama masomo ya hiari. Shahada uliyoichagua ina nafasi ya krediti 6 tu za hiari. Zile 3 zilizobaki zimo kwenye rekodi, zinaonekana, na hazikusogezi hata hatua moja. Umelipa kozi tano, umepata nne.

Kwa sababu hiyo bei ya krediti haiwezi kusomwa kwenye tangazo. Jumlisha kila ulichotoa, ukianza na ada ya kozi, mtihani, ada ya maombi, na malipo ya kutuma rekodi ya matokeo, kisha gawanya kwa krediti zilizoziba nafasi halisi katika shahada yako. Namba hiyo ndiyo bei. Kozi ya dola 300 ambayo chuo chako kimeiorodhesha mahali pa kozi ya lazima inaweza kuwa nafuu kuliko ya dola 80 iliyoishia kwenye hiari zisizohitajika. (Kiswahili hapa kinatutega: rahisi ni kisicho ghali, na rahisi pia ni kisicho kigumu. Wauza kozi huzipenda maana zote mbili kwa pamoja. Kozi yenye maana ya pili ndiyo chuo huitazama kwa shaka.)

Mahali pengine pa kutafuta nafuu ni vyuo vya umma vya jamii, vile vya miaka miwili, ambavyo vingi sasa vina kozi za mtandaoni. California, kwa mfano, mkazi wa jimbo hutozwa dola 46 kwa krediti moja, hivyo kozi ya krediti 3 ni dola 138 kabla ya vitabu. Krediti zake zinatoka chuoni, na huko California vyuo vikuu vya umma vina makubaliano ya maandishi yanayoonyesha kozi ipi ya chuo cha jamii inasimama mahali pa ipi. Asiye mkazi hutozwa mara kadhaa ya bei hiyo, jambo ambalo matangazo hayalipi herufi kubwa.

Kuna pia kikomo cha kuhamisha. Baraza la ithibati (la kuthibitisha vyuo) linalosimamia vyuo vya majimbo ya kusini ya Marekani hudai kwamba angalau robo ya krediti za shahada ya kwanza zitokane na mafunzo ya chuo chenyewe kinachoitunuku. Kwa shahada ya krediti 120, hizo ni 30, yaani karibu mwaka mzima wa ada kamili. Ndiyo maana wenye uzoefu huvitaja mara kwa mara Thomas Edison State University cha New Jersey, Charter Oak State College cha Connecticut na Excelsior cha New York. Vyote vilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wazima wenye vipande vya masomo kutoka huku na huku, na vinapokea krediti za nje kwa wingi usio wa kawaida, huku vikibakiza kozi chache ambazo lazima uzisome kwao.

Kozi za tovuti za Coursera na edX, zilizotikisa dunia mwaka 2012 zikiwa za bure, ni suala jingine. Cheti chake ni ushahidi kwamba umemaliza kozi. Krediti ni uamuzi wa chuo. Baadhi ya vyeti hivyo vimepata mapendekezo ya lile baraza la ACE, vingi havijapata, na jina la chuo kikuu maarufu juu ya cheti halikufanyi mwanafunzi wa chuo hicho. Tofauti inaonekana ukilinganisha na shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta ya Georgia Tech, iliyoanza kufundishwa mtandaoni Januari 2014 kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola 7,000 hivi kwa shahada nzima. Huko unaomba, unakubaliwa, unasajiliwa, na shahada inayotolewa ni ileile ya walio chuoni. Kwa maoni yangu ile ndiyo iliyovunja hoja kwamba nafuu lazima iwe duni. University of the People, kilichoanzishwa na Shai Reshef mwaka 2009, kilipita njia nyingine: hakitozi ada ya masomo, bali hutoza ada ya tathmini kwa kila kozi. Jumla yake si sifuri, ingawa neno "bure" humfanya msomaji asahau kujumlisha.

Juu ya yote haya imekaa ithibati, yaani uthibitisho kutoka baraza la nje kwamba chuo kinastahili kuitwa chuo. Krediti ya chuo kisicho na ithibati inayotambulika haihamishiki kwingine isipokuwa kwa bahati, na Marekani haikupi haki ya msaada wa serikali wa masomo. Wadanganyifu wanalijua hilo. Mwaka 2015 gazeti la The New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, iliyoendesha mamia ya tovuti za vyuo hewa, na pamoja navyo mabaraza hewa ya kuvithibitisha. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: nani amekithibitisha, na huyo aliyekithibitisha anatambuliwa na nani? Kwa Marekani majibu yamo katika orodha ya Wizara ya Elimu ya shirikisho, au ya CHEA, baraza linaloyatambua mabaraza ya ithibati, na zote mbili husomwa bure. Ukikusudia kuitumia shahada nje ya Marekani, mamlaka ya elimu ya nchi hiyo nayo ina orodha yake na masharti yake, na ipo inayozitazama shahada zilizosomwa kwa mtandao kwa macho makali zaidi.

Hatua ya kwanza kwa mwenye nia, basi, si kutafuta kozi. Ni kuchagua chuo kitakachotunuku shahada, kisha kurudi nyuma. Chukua mpango wa masomo wa shahada yenyewe, tia alama nafasi zinazoweza kuzibwa kutoka nje, halafu mwandikie msajili au mshauri wa masomo ukiitaja kozi kwa jina, namba na mtoaji wake. Usiulize "mnapokea krediti za nje?" Kila chuo kitajibu ndiyo. Uliza: nikiimaliza kozi hii, itaingia mahali pa kozi gani katika shahada hii, kwa masharti ya mwaka gani wa udahili, na nahitaji kupata alama ngapi? Jibu liwe la maandishi, na lihifadhi pamoja na silabasi ya kozi, kwa sababu anayepokea faili lako miaka miwili baadaye huenda asiwe yule aliyekujibu. Uliza pia kama kuna kikomo cha umri wa krediti. Masomo ya teknolojia na sayansi ya tiba huchakaa mapema katika vyuo vingi, hata kama rekodi yenyewe haifutiki.

Na jambo la mwisho ambalo wengi hulikuta wakiwa wamechelewa: krediti zilizohamishwa kwa kawaida huingia bila alama. Wastani wako wa ufaulu hautapanda kwa A tano ulizozipata kwingine. Utaanza kuhesabiwa kwenye kozi ya kwanza utakayoisoma chuoni hapo.