Je, wajua? Si kila mbawakawa wa madoadoa anakula vidukari

Kwenye jani la mnavu ametulia mbawakawa mdogo wa mviringo, rangi ya chungwa, mgongo umejaa madoa meusi. Umwache au umwondoe? Wakulima wengi wamefundishwa kwamba huyu ni mlinzi wa shamba, mla vidukari (wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa mimea), na mara nyingi ni kweli. Lakini ukoo wake una spishi zipatazo 6,000, na ndani yake limo kundi la wala majani. Hao hushambulia mnavu, nyanya, biringanya na hata maboga.

Usihangaike kuhesabu madoa. Spishi moja huweza kuwa na michoro kadha wa kadha, na wanaodai kwamba idadi ya madoa ni umri wa mdudu wanajifurahisha tu. Angalia mng'ao. Mla vidukari kwa kawaida ana mgongo laini unaong'aa kama uliopakwa vanishi. Mla majani, yaani Epilachna na ndugu zake, amefunikwa vinyweleo vifupi mno, kwa hiyo rangi yake huonekana imefifia. Kamera ya simu ikisogezwa karibu huvionyesha.

Lava, yaani watoto wanaoanguliwa kwenye mayai, ndio hawadanganyi. Wa mla vidukari aghalabu ni mwembamba, mweusi au wa kijivu, na miguu yake humwezesha kukimbia akisaka windo. Wa mla majani ni wa manjano, mwili mzima miiba yenye matawi, tena mzito wa kutembea: aende wapi, na chakula amekikalia? Meno ya taya zake huparua nyama ya jani, likabaki na mistari ya utando mwembamba unaopitisha mwanga.

Makazi nayo husaidia. Cheilomenes lunata, mla vidukari mweusi mwenye mabaka ya manjano au mekundu, ameenea sana Afrika, na hukaa palipo na vidukari, kama kwenye vichipukizi vya kunde. Vidukari wakiisha, huruka kwenda kwingine.

Mayai peke yake yatakuchanganya, maana makundi yote mawili hutaga mayai ya manjano, yamesimamishwa wima kwa mafungu. Kabla ya kuyaponda, geuza majani ya jirani. Ukikuta vidukari wamejazana, yaache. Jike wa wawindaji hupenda kutaga karibu na chakula cha wanawe.