Regyuleta ya swichi hujilinda vipi mkondo unapozidi

Pale Kadutu, Bukavu, meza ya kuchajia simu huweza kutegemea betri moja ya volti 12 na regyuleta ya swichi, yaani kibao kidogo chenye chipu ya LM2596 kinachoshusha volteji hadi 5. Waya iliyochubuka ikipiga shoti, mara nyingi kibao hakiungui. Volteji inaporomoka, simu zinaacha kuchaji, na shoti ikiondolewa kazi inaendelea. Huo ndio ulinzi dhidi ya mkondo uliozidi.

Siri yake iko kwenye koili, waya uliozungushwa kwenye kiini cha sumaku. Ndani ya regyuleta kuna transista, yaani swichi ya kielektroniki, inayowashwa na kuzimwa, kwa LM2596 mara 150,000 kila sekunde. Ikiwashwa, betri inasukuma mkondo kwenye koili. Ikizimwa, koili inaendelea kuutoa kupitia dayodi, kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu. Koili haikubali mkondo uruke ghafla. Zikiingia volti 12, zikatoka 5, na koili ikiwa ya mikrohenri 33 (kipimo cha nguvu yake ya kuzuia mkondo usibadilike), mkondo unapanda karibu ampea 0.2 kwa kila mikrosekunde. Ni haraka, lakini chipu ni ya haraka zaidi, kwa hiyo inapata nafasi ya kuiona hatari ikija.

Baadhi ya chipu huupima mkondo ndani ya transista yenyewe. MC34063 ya zamani hutumia rizista ndogo ya nje: volteji juu yake ikifika takriban 0.3, transista inazimwa. Ukiweka omu 0.22, kikomo kinakuwa karibu ampea 1.4. Transista huzimwa papo hapo, haingoji mzunguko wa kuwasha na kuzima uishe, na mzunguko unaofuata unaanza upya na kupimwa upya. Hakuna fyuzi yenye wepesi huo.

Shoti kamili ndiyo mtihani mgumu, na hapa pana uzuri wa pekee. Volteji ya kutoka ikiwa sifuri, volti zote 12 zinaikalia koili wakati wa kuwasha. Nusu mikrosekunde tu inaongeza karibu ampea 0.18. Wakati wa kuzima, kinachoushusha mkondo ni ile nusu volti ya dayodi pamoja na ukinzani mdogo wa waya. Dayodi peke yake inapunguza takriban ampea 0.1 hadi mzunguko uishe. Kinachoingia kinazidi kinachotoka, na chipu haiwezi kuwasha kwa muda mfupi kuliko wepesi wake unavyoruhusu. Mkondo ungepanda ngazi kwa ngazi hata kama kikomo kipo. Dawa ni kuwasha mara chache zaidi kwa sekunde ili mkondo wa koili upate muda wa kushuka, na LM2596 hufanya hivyo. Chipu nyingine hujizima kabisa, hupumzika milisekunde kadhaa, kisha hujaribu tena. Taa ya chaja inayowaka na kuzima kwa mpigo ule ule huenda inaonyesha hali hiyo.

Koili dhaifu huharibu hesabu yote. Kiini chake kikishiba sumaku, yaani kisipoweza kubeba sumaku zaidi, mkondo hauna tena kitu cha kuuzuia, na unaweza kupita kikomo kabla chipu haijajibu.

Mafundi wengi huuamini ulinzi huu kupita kiasi. LM2596 imetengenezwa kwa ampea 3, lakini kikomo chake kwa kawaida ni karibu 4.5, na baadhi ya LM2596 huweza kufika hadi 6.9. Kikomo hicho kinailinda chipu. Waya nyembamba uliyoiunganisha mbele yake inaweza kuyeyuka huku chipu ikiwa salama. Tena, transista yenyewe ikifa kwa shoti, hakuna wa kuizima, na volti 12 zinaenda moja kwa moja kwenye simu ya mteja. Kwa hiyo weka fyuzi upande wa betri, karibu kabisa na nguzo yake, na dayodi ya zena inayomudu mkondo mkubwa upande wa kutoka, ili volteji ikipanda dayodi hiyo ianze kupitisha mkondo mkubwa na fyuzi ikatike.