Mayai ya kamba koche hayajiangui yenyewe

"Ami, usijali, mayai nimeyarudisha baharini. Yataanguliwa yenyewe."

Nimelisikia tena wiki hii, dikoni, kutoka kwa kijana mzamiaji mzuri tu, mwenye pumzi ndefu kuliko mimi. Kaniletea kamba koche jike mnene (yule kamba mkubwa wa mwambani mwenye pembe ndefu, asiye na makoleo). Kwa kuwa kamati imekataza wenye mayai, chini ya mkia kamkwangua kwa brashi, na ananitazama kwa uso wa mtu aliyefanya jambo la kheri. Hili nimeshalisema kwenye kamati ya uvuvi ya shehia yetu hapa Zanzibar, nimelisema kwa wachuuzi, nimelisema kwa wapishi wa hoteli. Sasa naliandika hapa, ili atakayelirudia nimtumie ukurasa huu mimi niendelee na chai yangu.

Hayaanguliwi. Hata moja.

Yai la kamba koche halijitegemei kama watu wanavyodhani. Jike akitaga huyabandika mayai kwenye nywele za vipezi vya chini ya mkia, laki kwa malaki, na kuanzia hapo hana raha. Huyapepea usiku na mchana ili maji mapya yapite katikati yake. Huyachambua kwa vikucha vidogo vilivyo kwenye ncha za miguu yake ya nyuma kabisa, akatoa yaliyokufa na takataka. (Vikucha hivyo dume hana. Asiyejua kutofautisha jike na dume aanze hapo.) Katika maji yetu ya vuguvugu kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, kiasi cha mwezi. Sasa wewe umeyang'oa na kuyamwaga. Nani anayapepea? Kabla hayajafika chini samaki wadogo wa mwambani wameshakusanyika, na yale yatakayobahatika kutua mchangani yataoza. Kuyabandika upya kwa mama haiwezekani, maana gundi yake hutoka mara moja tu, wakati wa kutaga.

Wapo pia wenye falsafa ya rangi: yakiwa ya machungwa "bado hayajawa kitu", kwa hiyo hakuna dhambi. Ya machungwa ni machanga, yakikaribia kuanguliwa huwa ya kahawia, na ukiyasogeza jichoni utaona vidoto vyeusi, ndiyo macho ya watoto. Yote ni mayai yaliyokwisha rutubishwa. Kusema ya machungwa si kitu ni kusema mimba ya mwezi mmoja si mimba. Kamwambie hivyo mkeo.

Halafu kuna wanaofikiri mnunuzi hajui. Yakhe, mnunuzi anajua. Mgeuze kamba chali kwenye mwanga wa jua. Jike aliyeangua kwa wakati wake nywele zake ni ndefu na zimelala sawa. Aliyekwanguliwa nywele zimekatika ovyo, kipezi kimechanika pembeni, na kwenye mashina, pale brashi isipofika, hubaki mayai mawili matatu yamening'inia. Utata upo mahali pamoja, na vitabu havipendi kuusema: siku chache baada ya kuangua kwa halali, jike naye huwa bado na mabaki ya maganda kwenye nywele, kabla hajajisafisha. Hapo mtu mwenye haraka anaweza kumtuhumu mvuvi asiye na kosa. Mimi hutazama uzima wa kipezi kuliko mabaki, lakini siapi kwamba njia hii haikosei.

Na lile doa jeusi unaloliona kifuani mwa baadhi ya majike? Hiyo ni mbegu ya dume. Dume humbandika jike bonge laini, likakauka na kuwa gumu lenye rangi ya lami, na siku ya kutaga jike mwenyewe hulikwaruza kwa vile vikucha ili mbegu zitoke. Maana yake jike mwenye doa zima anakaribia kutaga. Kamati yetu imekataza wenye mayai, juu ya doa haikusema kitu. Mimi huwarudisha. Wenzangu wananicheka, na kwa bei ya kilo msimu wa wageni, siwalaumu sana.

Sasa, kumrudisha. Si kumtupa kutoka kwenye ngalawa huku unaendelea na hadithi. Kamba akishuka katikati ya maji mchana kweupe, mbali na pango, ni kitoweo cha chewa. Mshike kwenye mashina ya pembe, si kwenye ncha zake wala mkia, zama naye, mwingize kwenye shimo lake kinyumenyume. Na usimweke kwanza kwenye tenga ili umpige picha. Akiwa tengani hupigapiga mkia, na kila pigo linaondoka na mayai.

Ndiyo maana nabishana na watu wa mkuki. Bunduki ya samaki ni marufuku Zanzibar, hilo linajulikana, na sumu na utupa (mmea wa kulevya samaki) sina haja ya kuvieleza. Lakini hata ukiacha sheria: uliyemchoma utamgeuza lini uone kama ana mayai? Uvuvi wa kamba uliokaa sawa ni ule unaokuacha umtazame akiwa mzima. Dema, ule mtego wa kusuka, linafaa, mradi ulikague kila siku. Nyavu za kulaza usiku sizipendi, kamba hujifunga humo, akivutwa anaacha miguu na pembe, na ukimwachia hivyo umeachia kilema.

Njia ninayoipenda ni ile ya wazee, ya pweza. Unamfunga pweza kwenye kijiti na kumsogeza kwenye mdomo wa pango. Kamba anamwogopa pweza kuliko anavyokuogopa wewe. Utaona kwanza pembe zinarudi nyuma, halafu zinachomoza upande mwingine, halafu anatoka mwenyewe, na mkono wako wenye glavu unamngojea pale. Huvunji tumbawe, humjeruhi, na una muda wa kumgeuza. Maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ndiyo mazuri kwa kazi hii. Kwenye bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unakuchosha na matope hayakuachi uone.

Nije kwenye swali linalonikera kwa sababu ni zuri. Mtoto wa kamba koche akianguliwa ni bapa, mwembamba, wa kuonekana hadi upande wa pili, na huchukuliwa na bahari kwa miezi kabla ya kutua kwenye mwamba wowote. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini. Kwa hiyo kuna aliyeniuliza: mayai ninayoyalinda si yanakwenda Kenya? Inawezekana kabisa. Sina uhakika hata kidogo kwamba watoto wa jike niliyemwachia watarudi kijijini kwetu, na anayewaahidi wavuvi kwamba wakiacha mwaka huu watavuna wao wenyewe mwakani anawauzia maneno. Pweza ni habari nyingine, anakua haraka, faida ya kufunga mwamba usivuliwe kwa muda inaonekana ndani ya miezi michache. Kamba si hivyo. Wa kwetu nao huenda wametoka kusini, Mtwara au Msumbiji, kwa mtu ambaye naye aliachia jike wake. Naachia nikijua hivyo, na sina hoja tamu zaidi ya hiyo.

Kwa wale wanaonitumia video za kamba wa maji baridi wenye makoleo, "tuwalete tuwafuge, wa baharini wapumzike": hapana. Wenye asili ya Marekani waliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, wakala mimea ya majini hata sura ya ziwa ikabadilika. Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, nako sasa wapo wa kutoka Australia, wavuvi wanalalamika samaki waliokwishanasa wanatafunwa nyavuni. Kamba hao hutembea nchi kavu kukiwa na unyevu. Bwawa lako halitawazuia, na sisi mito tuliyonayo ni ya kuhesabu, Mwera na mingine michache.

Na wewe uliyeuliza kama kwenye kisiwa cha Chumbe panaruhusiwa kuvua usiku. Mwamba ule ni hifadhi iliyofungwa kwa uvuvi tangu 1994. Usiku umo.