Ndege wa nusu dhahania katika sanaa ya kisasa

Mchoro au sanamu huitwa ya nusu dhahania pale msanii anapopunguza umbo la kitu mpaka ibaki mistari michache, lakini kitu chenyewe bado kinatambulika. Sanaa dhahania kamili hailazimiki kufanana na chochote. Ya uhalisia humchora ndege unyoya kwa unyoya. Ya nusu dhahania iko katikati.

Mfano ninaoupenda ni wa Constantin Brancusi, mchongaji Mromania aliyeishi Paris. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 alichonga Maiastra, ndege wa ngano za kwao, akiwa na kifua kilichotuna na mdomo wazi. Kuanzia 1923 akatoa mfululizo wa sanamu uitwao Ndege Angani, na humo mabawa, miguu na manyoya vyote vimeondoka. Kimebaki kipande kirefu, chembamba, kilichovimba kidogo katikati na kukatwa mshazari nchani. Zile za shaba zimesuguliwa hadi zinameremeta. Alichokuwa akikichonga sasa ni kule kuruka.

Mwaka 1926 moja ya shaba hizo ilifika New York. Kazi za sanaa hazikutozwa ushuru, ila maofisa wa forodha waliipanga pamoja na vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, wakadai asilimia 40. Shauri likaenda mahakamani, na mwaka 1928 ikaamuliwa kwamba ni sanaa. Mimi siwacheki sana maofisa wale. Walitafuta mabawa wakayakosa, na watazamaji wengi hadi leo hukwama papo hapo.

Tazama kilichobaki, si kilichokosekana. Kwenye dari ambalo mchoraji Mfaransa Georges Braque alilichorea jumba la makumbusho la Louvre, Paris, mwaka 1953, ndege ni weusi, wakubwa, wamezungushiwa weupe juu ya buluu. Huwezi kusema ni mwewe au ni bata, lakini mwendo wao unauona. (Ndege wa Tingatinga wa Dar es Salaam nao wamerahisishwa, ila njia yao ni nyingine: umbo likishakuwa jepesi, hujazwa madoa na rangi.)

Kama unachotazama ni mchoro, funika mstari mmoja kwa kidole. Ndege akipotea, mstari ule ulikuwa na kazi. Asipobadilika hata kidogo, huenda msanii aliacha kupunguza mapema mno.