Geuza chupa usome nyuma: namna ya kuchagua bidhaa za usafi wa sehemu za siri

Swali ninalolisikia sana kliniki ni hili: "Daktari, ninawie nini huko chini?" Anayeuliza huwa ameshaanza kutumia kitu, na mara nyingi kitu hicho ndicho kilichomletea muwasho uliomfikisha kwangu. Kabla sijamtajia bidhaa yoyote, namuuliza mambo mawili: hiyo unayotumia inagusa wapi, na inakaa hapo muda gani?

Tuanze na wapi. Mashavu ya uke na sehemu zinazoyazunguka ni ngozi. Inatoka jasho, inapata mafuta, inaoshwa. Uke wenyewe ni njia ya ndani inayofika hadi mlango wa kizazi, na kazi ya kuusafisha ina wenyewe. Ni bakteria wa jamii ya Lactobacillus, walioelezwa na daktari Mjerumani Albert Döderlein mwaka 1892. Wanatumia sukari iliyohifadhiwa kwenye seli za ukuta wa uke na kutengeneza asidi ya laktiki, na asidi hiyo huiweka pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho namba ndogo ndiyo asidi kali zaidi, kati ya 3.8 na 4.5 kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Vijidudu vingi vya maradhi haviwezi kustawi hapo. Sasa chukua sabuni ya kipande ya kuogea: pH yake ni kama 9 hadi 10. Kila namba moja ya pH ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo pengo hilo ni kubwa mno.

Ndiyo maana nasema ndani hapaoshwi. Si kwa sabuni, si kwa siki, si kwa ndimu, si kwa maji ya chumvi, wala kwa kidole kilichozungushiwa kitambaa. Wanawake wanaojiosha ndani wameonekana kupata zaidi maambukizi ya bakteria ukeni, maambukizi ya via vya uzazi, na mimba kutunga nje ya kizazi. Na kinachoniuma zaidi ni mzunguko wenyewe. Dada anahisi harufu, anajiosha ndani. Bakteria walinzi wanapungua, harufu inarudi ikiwa kali kuliko mwanzo. Anatafuta dawa yenye manukato zaidi, anaosha tena. Anafika kwangu akijiona mchafu, na hakuna anayejisafisha kuliko yeye.

Wengine wanakuja na chupi nyeusi iliyopauka katikati, wakidhani ni ugonjwa. Hiyo ni asidi ya ute, imekula rangi ya kitambaa. Ni dalili kwamba uke wako unafanya kazi yake.

Kwa nje, maji safi yanatosha. Ukipenda sabuni, chagua laini isiyo na manukato, tumia kidogo, nje tu, kisha suuza mpaka utelezi uishe. Usisome mbele ya chupa. Maneno kama "imepimwa na madaktari wa ngozi" hayakuelezi imepimwa vipi wala kwa nani. Geuza nyuma. Ukiona "parfum" au "fragrance", jua neno hilo moja linaweza kufunika kemikali nyingi zisizotajwa, na manukato ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa ngozi. Epuka pia yenye methylisothiazolinone, kihifadhi ambacho Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku mwaka 2017 katika vipodozi vinavyobaki mwilini bila kusuuzwa. Na "asilia" isikulainishe: mafuta ya mti wa chai ni ya asili, na yanaunguza ngozi ya huko vilevile.

Hapo ndipo swali la muda linapoingia. Sabuni unaisuuza baada ya dakika moja. Vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia huacha kemikali zake kwenye ngozi siku nzima, kwa hiyo navihukumu kwa ukali zaidi. Pedi inakaa saa nyingi, na katika joto: nunua isiyo na harufu, badilisha kila baada ya saa chache. Poda ya talki haina kazi yoyote huko. Mwaka 2024 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani.

Tamponi inaingia ndani na inakaa, kwa hiyo sheria zake ni kali. Mwaka 1980 huko Marekani wanawake wengi waliugua mshtuko wa sumu ya bakteria, na wengine wakafa. Tamponi zenye uwezo mkubwa sana wa kufyonza zilihusishwa na ugonjwa huo. Chagua yenye ufyonzaji mdogo unaokutosha, ibadilishe kila saa 4 hadi 8. Homa kali ya ghafla, kizunguzungu, kutapika na wekundu wa ngozi: itoe, nenda hospitali muda huo huo. Kikombe cha hedhi kiwe cha silikoni ya kitabibu, ukichemshe kati ya hedhi moja na nyingine.

Vilainishi vya tendo la ndoa husahaulika, ilhali navyo huingia ndani. Vyenye mafuta huharibu kondomu za mpira. Chagua vya maji au silikoni, visivyo na ladha wala viambato vya kupasha joto.

Kwa mama aliyekoma hedhi, homoni ya estrojeni imepungua, ukuta wa uke umekuwa mwembamba na mkavu, na pH imepanda. Sabuni itamzidishia ukavu. Anachohitaji ni matibabu ya ukavu wenyewe, na yapo.

Uchafu mweupe mzito wenye muwasho, ute wa kijivu wenye shombo, wa kijani wenye povu, au maumivu chini ya kitovu: hakuna bidhaa ya dukani ya kunawia inayotibu hayo. Njoo upimwe, na uje na hiyo chupa unayotumia. Siku moja kabla, usiingize chochote ukeni na usijioshe ndani, kwa sababu ute huo unaouonea aibu ndio ninaouhitaji chini ya darubini.