Jeshi la Komoro: yanayosemwa na yaliyotokea

Komoro ikitajwa tu, hakosekani mtu wa kusema kuwa wanajeshi wa kule kazi yao ni kupindua serikali. Hesabu inayorudiwa ni mapinduzi na majaribio zaidi ya 20 tangu uhuru wa 1975. Hesabu hiyo siipingi. Napinga Wakomoro kutwishwa mzigo wote peke yao.

Dhana: Marais wa Komoro waliangushwa na jeshi lao wenyewe.

Waliomwangusha Rais Ali Soilih, usiku wa kuamkia 13 Mei 1978, walikuwa mamluki wapatao 50 wakiongozwa na Mfaransa Bob Denard. Walitoka Ufaransa kwa meli ya uvuvi. Kabla mwezi haujaisha, Soilih alikuwa ameuawa. Denard akabaki. Kwa miaka 11 Gadi ya Rais ilikuwa mikononi mwake: askari Wakomoro, maofisa Wazungu, na fedha kutoka serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Jeshi la taifa likawekwa kando, na bunduki zenye uzito zikawa kwa Gadi. Rais Ahmed Abdallah, ambaye mamluki hao ndio waliomrudisha madarakani, aliuawa kwa risasi Novemba 1989, Denard akiwa chumba hicho hicho. Mwaka 1999 mahakama ya Ufaransa ilimwachia Denard huru katika kesi hiyo. Kabla ya hapo, Septemba 1995, alikuwa amerudi na wenzake wapatao 30, akamteka Rais Said Mohamed Djohar, mpaka wanajeshi wa Ufaransa walipokuja kumtoa Denard.

Sasa mtu anapoliita hilo tabia ya Wakomoro, naumia. Kijana wa Moroni aliyevaa sare miaka hiyo alipokea amri kutoka kwa mgeni ndani ya nchi yake.

Jeshi lenyewe lina doa, na halifichiki: tarehe 30 Aprili 1999 mkuu wake, Kanali Azali Assoumani, alitwaa madaraka.

Dhana: Nzwani, kisiwa cha Komoro kilichokuwa mikononi mwa waasi, ilikombolewa na wageni mwaka 2008, Wakomoro wakitazama.

Sisi Watanzania tunaikumbuka operesheni ile kwa fahari, kwani JWTZ ilikuwa mstari wa mbele pamoja na wanajeshi wa Sudan, chini ya Umoja wa Afrika. Lakini alfajiri ya 25 Machi askari wa Komoro nao walishuka ufukweni. Ni jeshi lile lile lililokwenda Nzwani peke yake Septemba 1997 kuzima uasi, likashindwa vibaya na kupoteza watu. Kurudi pale baada ya kipigo kama kile kulitaka moyo. Kiongozi wa waasi, Kanali Mohamed Bacar, alikimbia kwa mashua hadi Maore (Mayotte), kisiwa jirani kilicho chini ya Ufaransa.

Dhana: Nchi ndogo namna ile haihitaji jeshi.

Wanaosema hivi hupima nchi kavu, ambayo haifiki kilomita za mraba 2,000. Wanasahau bahari iliyoizunguka, yenye ukubwa mara nyingi zaidi ya hapo, na samaki wake wanaowindwa na meli za mbali. Wanasahau pia mkondo kati ya Nzwani na Maore, takriban kilomita 70. Tangu Ufaransa ilipoweka sharti la viza mwaka 1995, watu huuvuka usiku kwa mashua ndogo za kwasa-kwasa zilizojaa kupita kiasi, na wengi wamezama humo. Pale panahitajika boti za doria na za uokoaji, na wanamaji wanaoujua mkondo ule gizani.