Danzón ni nini, na inapigwaje na bendi ya simfoni?

Danzón ni dansi ya wawili wawili iliyozaliwa Kuba. Ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza, ya Miguel Faílde, ilipigwa mjini Matanzas tarehe 1 Januari 1879. Baadaye ikavuka maji hadi bandari ya Veracruz, Meksiko, ikalowea huko.

Utamu wake uko katika kusubiri. Muziki wa mwanzo unapopigwa, hakuna anayecheza. Watu husimama, husalimiana, wanawake hujipepea. Muziki ukigeuka, kila mtu humshika mwenzake na kuanza hatua fupi fupi. Ule wa mwanzo ukirudi, wanasimama tena. Chini yake yanatembea mapigo matano, taa-ta-taa-ta-taa, yenye asili ya Kiafrika.

Bendi ya simfoni nayo ni kundi kubwa la vyombo vya kupuliza na ngoma, bila fidla. Si ile bendi ya gwaride unayoiona siku za sherehe za taifa: hii hukaa vitini ukumbini, na klarineti nyingi hubeba kazi ambayo kwenye okestra ni ya fidla.

Viwili hivi vimekutana vizuri katika Danzón No. 2 ya Arturo Márquez, mtunzi wa Meksiko aliyezaliwa 1950. Aliitunga kwa ajili ya okestra baada ya kuvutwa na kumbi za dansi, ikapigwa mara ya kwanza Mexico City mwaka 1994. Oliver Nickel ndiye aliyeipanga kwa bendi. Inaanza kwa sauti ya chini: klarineti moja inaimba, vijiti viwili vya mbao vinagonganishwa taratibu, kisha obo inaingia kuzungumza nayo. Tarumbeta na tromboni zinakuja baadaye, na güiro, kibuyu kilichochanjwa mistari, kinakwaruzwa katikati ya moto wote huo. Kwangu mimi, bendi inayokimbiza ule mwanzo ili ifike kwenye vishindo imeiua danzón kabla haijaanza.

Aliyekulia kwenye rumba hatajiona mgeni hapa. Santuri za Kuba zenye alama ya GV zilifika Congo na Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930, na vile vijiti vya mbao tumevisikia kwenye bendi zetu za dansi miaka na miaka.